MASASI: MJI WA WALIORUDI KWA MIGUU YAO

Ndugu msomaji, kama unakaa Temeke, Mtoni, Mbagala au Kongowe, basi Barabara ya Kilwa ni kama ua wa nyumba yako. Asubuhi unaivuka kwenda kazini, jioni unaivuka kurudi. Watoto wako huivuka kwenda shule. Kandokando yake ndiko unakonunua mihogo na samaki wa kukaanga, na hapo ndipo unapompokea shangazi aliyewasili kutoka Lindi na kikapu chake cha korosho. Umeizoea kiasi cha kutoiona tena.

Leo nakuomba uitazame upya. Jumapili moja, ukiwa huna shughuli nyingi, simama na watoto wako pale Mbagala Rangi Tatu, muyatazame mabasi yaendayo kusini yakijaa abiria na mizigo. Kisha uwaambie kwamba zamani ilikuwako misafara mingine katika pwani hii hii, nayo ilikuja kutoka huko mabasi yanakokwenda. Watu wa misafara hiyo hawakulipa nauli wala hawakushika tiketi. Walivaa makongwa na minyororo shingoni.

Hesabu ya mwezi mmoja

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini wenye biashara hiyo hawakuiacha; waligeuza njia tu. Badala ya kuwapakia watu majahazini Kilwa Kivinje, waliwatembeza kwa miguu kufuata pwani kuelekea kaskazini, hadi Pangani. Huko walivushwa kwa siri kwenda Pemba, kwenye mashamba ya karafuu.

Mwishoni mwa mwaka huo huo, Frederic Elton, aliyekuwa ofisa katika ubalozi mdogo wa Uingereza huko Unguja, alisafiri kwa nchi kavu kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa, akihesabu misafara iliyokuwa ikija upande wake. Kuanzia tarehe 21 Desemba 1873 hadi 20 Januari 1874 aliandika hesabu ya watu 4,096 waliopelekwa kaskazini. Gawanya hesabu hiyo kwa siku za mwezi mmoja, utapata zaidi ya watu 130 kila siku. Ni sawa na mabasi mawili makubwa yaliyojaa, kila siku iendayo kwa Mungu, na abiria wake wote hawajui waendako.

Wala Dar es Salaam haiwezi kujitenga na habari hiyo. Sultani Majid alipoanza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, nguvu za watumwa zilitumika katika majengo yake na katika mashamba ya minazi yaliyouzunguka. Vitongoji tunavyokaa leo vimeota juu ya mashamba ya namna hiyo.

Nayaandika haya kwa sababu moja. Huenda umepata kusikia watoto wakigombana uwanjani, na mmoja, akiishiwa na maneno, akamtupia mwenzake neno lile: "mtumwa". Wenzao hucheka. Mzee aliyekaa barazani hanyanyui uso wake. Na katika nyumba nyingi za pwani, ukiuliza habari za babu wa babu, masimulizi hufika mahali yakakatika ghafula. "Alitoka bara." "Alikuja na watu." Baada ya hapo ni kimya. Kimya hicho kimerithiwa kama vile watu wanavyorithi shamba, na wenye kukirithi hudhani kuwa nyuma yake kuna aibu yao.

Mimi nasema aibu hiyo si yao. Na ushahidi wangu ni mji mmoja ulio mwisho wa safari ndefu ya kusini, mji ambao wengi wetu tunaujua kwa korosho tu. Mji huo ni Masasi. Twende pamoja.

Safari ya kusini

Ukiondoka Mbagala alfajiri, utapita Kongowe na Mkuranga, kisha Kibiti na Ikwiriri, na baada ya hapo utauona mto Rufiji umetanda chini yako. Hapo zamani abiria walilala wakingojea kivuko cha Ndundu, na mvua za masika zilipozidi, kusini ilikatika na nchi. Tangu 2003 tunavuka kwa daraja lenye jina la Mzee Benjamin Mkapa, Rais wetu wa awamu ya tatu. Naye alikuwa mwana wa huko huko tuendako: alizaliwa Lupaso, wilayani Masasi, mwaka 1938, na huko huko akazikwa mwaka 2020.

Ukifika Nangurukuru, tazama njia inayokata kushoto kwenda Kilwa. Ni huko Kivinje, mji mdogo wa kuta zilizochakaa na minazi inayoinamia bahari, ambako katika miaka ya 1860 ilikuwako bandari kubwa kuliko zote za kupelekea watumwa Unguja. Waliletwa hapo kutoka nchi za Ziwa Nyasa: Wayao, Wanyasa, Wangindo na wengine wengi. Wengine walitekwa vitani. Wengine waliibwa wakichota maji au wakichunga mashamba. Wengine, wakati wa njaa, walibadilishwa kwa chakula na watu wao wenyewe. Hilo nalo lisemwe, maana historia isiyosema makosa ya ndugu zetu si historia kamili.

Mtu aliyefika pwani kwa njia hiyo alipoteza vitu viwili kwa siku moja. Alipoteza uhuru wake, na alipoteza jina lake. Mwungwana aliyemnunua alimpa jina jipya: Feruzi, Mabruki, Baraka, Majaliwa, Farajala. (Usidhani, msomaji, kwamba kila mwenye jina la namna hiyo leo ana asili hiyo, majina hayo yamekwisha kuwa ya watu wote.) Na kwa kuwa hakujua Kiswahili wala desturi za mji, aliitwa "mjinga". Neno hilo ambalo leo tunamwambia mtu asiyejua kitu, wakati ule lilikuwa jina la mtumwa mgeni kutoka bara. Watoto wake, waliozaliwa pwani, waliitwa "wazalia". Lugha yetu tamu imebeba mizigo mingi ambayo hatuioni.

Mbele kuna Lindi. Shuka kidogo, unyooshe miguu, uitazame ghuba ile pana. Hapa ndipo mambo yalipogeuka.

Watu wa Mbweni

Ili uelewe jambo lililotokea Lindi, sharti turudi Unguja kwa kitambo. Tangu 1864 walikuwako huko wamishenari wa Kiingereza waliojulikana kwa herufi zao, UMCA. Mwaka huo Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio mwanzo wa shule ya Kiungani, iliyokuwa kando ya mji wa Unguja. Mmoja wao, John Swedi, alipewa daraja ya ushemasi mwaka 1879.

Manowari za Kiingereza zilipozidi kukamata majahazi, watu waliookolewa wakawa wengi, na si watoto peke yao. Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba la Mbweni, kusini ya mji, na kuanzia 1874 watu wazima walioachwa huru walianza kukaa huko. (Usichanganye na Mbweni yetu ya wilaya ya Kinondoni; hii ninayoisema ni ya Unguja.) Walipewa viwanja vya kujenga, wakalima, wakaoa na kuolewa, wakasoma.

Lakini fikiri, msomaji. Umenyang'anywa kwenu, umetembezwa miezi mitatu, umeuzwa, umepakiwa, umeokolewa baharini na watu usiowajua, na sasa unaambiwa kuwa u huru, nawe uko katika kisiwa. Nyumba unayo, shamba unalo, hakuna anayekupiga. Lakini kaburi la baba yako liko ng'ambo ya bahari na mwendo wa wiki nyingi. Je, umekwisha kuwa huru?

Swali hilo walikuwa nalo watu wa Mbweni. Askofu Edward Steere naye alilijua. Huyu ndiye aliyeandika vitabu vya awali vya kufundishia Kiswahili na kusimamia tafsiri ya Agano Jipya. Mwaka 1875 alikwenda kwa miguu hadi kwa Mataka, mfalme wa Wayao, huko Mwembe katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Aliporudi alikuwa ameshika shauri: watu walioachwa huru warudishwe bara, karibu na Ziwa Nyasa, wakaanzishe kijiji chao wenyewe.

Mwaka 1876 ulifaa. Mwezi wa Aprili Sultani Barghash alitoa amri ya kuzuia pia misafara ya watumwa kwa nchi kavu. Na ilipofika Oktoba, watu wa Mbweni zaidi ya 50, wake kwa waume, walipanda chombo kwenda Lindi.

Novemba, 1876

Mapema mwezi wa Novemba msafara ulitoka Lindi kuelekea magharibi. Ukiwa garini, baada ya Mingoyo, pale njia ya Mtwara inapoachana na ya Masasi, jua kwamba unafuata upande ule ule walioufuata wao. Utapita Nyangao na Ndanda, milima ya Makonde ikiwa mkono wako wa kushoto. Wewe utatumia saa chache. Wao walitumia siku nyingi, na jua la Novemba kabla ya mvua si la mzaha.

Hebu watazame wakipita. Kwa mbali huwezi kuwatofautisha na misafara ya zamani: mstari mrefu wa watu weusi katika njia nyembamba, mizigo vichwani, mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Lakini tazama shingo zao. Hazina kongwa. Na tazama nyuso zao zinakoelekea. Kwa miaka mingi mno, watu wa nchi ile walijua kwamba anayepelekwa pwani harudi. Njia ile ilikuwa na upande mmoja tu. Sasa wenyeji walisimama kando ya mashamba wakawaona watu wamerudi kutoka huko ambako hakurudi mtu. Ni kama kuwaona wafu wakitembea.

Nia ilikuwa kufika hadi Nyasa. Hawakufika. Siku moja mbele yao yaliinuka majabali makubwa ya mawe matupu, yametoka ardhini kama migongo ya tembo waliolala. Ndiyo milima ya Masasi, nawe utaiona vile vile ukikaribia, maana haikubadilika. Chini yake kulikuwa na udongo mzuri na maji. Katika vijiji vya jirani walikuwako Wamakua na Wayao, watu waliosema lugha ambazo baadhi ya wasafiri walizinyonya kwa mama zao. Mbele, safari ya Nyasa ilikuwa bado ndefu na yenye hatari.

Wakakaa. Viwanja vikapimwa, miti ikakatwa, nyumba zikasimama, mashamba yakalimwa kabla mvua hazijapita. Askofu Steere alirudi pwani, akamwacha kijana W. P. Johnson pamoja nao. Mwaka uliofuata akaja Chauncy Maples. Katika vitabu vingi utasoma kwamba misheni ya Masasi ilianzishwa na hao watatu. Sipingi kazi yao. Lakini Wazungu watatu hawajengi kijiji. Kijiji kilijengwa na wale zaidi ya 50 waliojua kushika jembe na shoka, waliojua kuongea na jirani, na ambao, kwa mara ya kwanza tangu walipotekwa, waliamua kwa miguu yao wenyewe mahali pa kusimama.

Uhuru wenye kengele

Tusipambe mambo kupita kiasi. Maisha ya kijiji kile yalikwenda kwa kengele: kengele ya sala, kengele ya kazi, kengele ya shule. Mmishenari alijikuta amekuwa kama jumbe. Alisuluhisha ugomvi na kutoa adhabu. Na kwa wenyeji, watu wale walikuwa mchanganyiko wa ajabu: wana wa nchi kwa sura na lugha, wageni kwa nguo na dini. Kuachwa huru na mtu mwingine ni jambo moja. Kujitawala ni jambo la pili. Taifa letu lenyewe lilijifunza tofauti hiyo.

Kisha likaja jaribu kubwa. Mwezi wa Septemba 1882 Masasi ilishambuliwa na wapiganaji wa Kingoni kutoka upande wa Songea, ambao watu wa nchi ile waliwaita Wamagwangwara. Kijiji kilichomwa moto. Wengine waliuawa, na wengine walichukuliwa mateka. Lipime neno hilo, msomaji. Walikuwamo watu waliotekwa utotoni, wakauzwa, wakaokolewa, wakarudi, wakajenga, na sasa wakafungwa kamba mara ya pili. Katika mwezi huo wa huzuni Masasi ilikuwa imekwisha kufiwa na mwanzilishi wake pia, kwani Steere alifariki Unguja mwezi wa Agosti mwaka ule ule.

Baadhi ya walionusurika walihamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Kama wangalisema, "Basi, turudi Unguja tukakae kwa salama," nani angaliwalaumu? Lakini Masasi haikufa. Watu walirudi tena chini ya yale majabali, wakafyeka magugu, wakajenga upya. Na katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905, nyumba za misheni zikachomwa mara nyingine, zikainuliwa tena.

Mtu mmoja wa wakati ule anastahili kutajwa kwa jina. Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mtoto na kuuzwa Unguja. Alilelewa Kiungani, akasoma, akapelekwa hata Uingereza kwa masomo. Mwaka 1886 alirudi katika nchi ya Wayao, kijiji cha Chitangali upande wa Newala, kwa mkuu aliyeitwa Nakaam. Mwaka 1890 akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kupata daraja hiyo. Alifanya kazi Chitangali kwa zaidi ya miaka kumi, mahali ambapo mara nyingi hapakuwa na Mzungu wa kumsimamia. Mtoto aliyeondoka kwao akiwa bidhaa alirudi akiwa mwalimu. Wala jina alilopewa utumwani hakulitupa. Alilivaa mpaka likapata heshima.

Wageni walipokwisha kuwa wenyeji

Utakapofika Masasi, panda hadi Mtandi, lilipo kanisa kuu la Dayosisi iliyoanzishwa 1926, na majabali yakiwa nyuma yako. Kaa kivulini, utazame mji ulio chini: mabati yanayong'aa, mikorosho, vijana wa bodaboda, akina mama na ndoo zao. Sasa jiulize: wazao wa wale watu wa 1876 wako wapi?

Usiwatafute katika mtaa wao peke yao. Walioana na Wamakua, wakaoana na Wayao, wakaoana na Wamakonde walioshuka kutoka uwandani. Watoto walizaliwa wenye bibi wa Mbweni na babu wa Masasi. Hata dini ilibidi ikae chini na wazee. Kuanzia 1913 hivi, Padri Vincent Lucas, ambaye baadaye alikuwa askofu wa kwanza wa Masasi, alikubali jando lichezwe kwa taratibu za Kikristo badala ya kupigwa marufuku. Kwa njia hizo kijiji cha walioachwa huru kilikoma kuwa kijiji cha pekee. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yenyewe waliyoianza Lindi: kufika mahali ambapo hakuna atakayewauliza tena walitoka kwa bwana gani.

Nawe usisahau kwamba wakati wao wanajenga, utumwa haukuwa umekwisha nchini. Serikali ya Kijerumani haikuuvunja. Iliamuru tu kwamba mtoto atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Ni mwaka 1922, chini ya Waingereza, ndipo sheria ya kuukomesha kabisa ilipotolewa Tanganyika. Hao hao waliojisifu kuvunja minyororo ya chuma walituachia minyororo ya ukoloni, nayo ilichukua hadi 1961 kukatika. Piga hesabu ya vizazi. Mama aliyezaliwa utumwani mwaka 1900 aliweza kumbeba mjukuu aliyeishangilia bendera yetu ikipandishwa. Mjukuu huyo huenda ndiye yule mzee wa barazani asiyenyanyua uso.

Kama nauli haitoshi

Najua, ndugu msomaji, si kila mfuko unaweza safari ya Masasi, hasa mwisho wa mwezi ukiwa bado mbali. Basi kuna safari fupi. Panda gari la Kisarawe, upite Gongo la Mboto na vilima vya Pugu. Huko Pugu, mwaka 1888, mapadri Wabenedikti wa Kijerumani walianza misheni yao ya kwanza, wakakabidhiwa na watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Tarehe 13 Januari 1889, wakati pwani nzima ilipokuwa imeinuka kuwapinga Wajerumani, misheni hiyo ilishambuliwa, na mabruda wawili na sista mmoja wakauawa. Walioachwa huru walijikuta katikati ya ugomvi usio wao. Hivyo ndivyo mambo yanavyokuwa pale mkono unaokukomboa unapokuwa ndio unaotaka kukutawala.

Endelea mbele hadi Minaki. Shule ile ya sekondari unayoijua kwa sifa yake ni mtoto wa Kiungani. Mwaka 1925 Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishwa kutoka Unguja kikaletwa hapo. Shina lake ni wale wavulana watano wa jahazini wa 1864. Wanafunzi wa Kiungani ndio waliokuwa na gazeti lao la Kiswahili, "Msimulizi", tangu 1888, na kabla ya hapo, mwaka 1887, masimulizi ya wavulana walioachwa huru, ya jinsi walivyotekwa na kuuzwa, yalikwisha kutolewa katika kitabu kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanao anayesoma gazeti hili Jumapili, na mwanao anayeota kuingia Minaki, wote wawili wanadaiwa na watoto wale ambao watu waliwaita "wajinga".

Ukirudi nyumbani

Wahenga wamesema: mwacha asili ni mtumwa. Mara nyingi tunaitumia methali hiyo kuwakemea vijana wanaoiga mambo ya ng'ambo. Lakini isikilize tena baada ya safari hii. Haisemi kuwa mtumwa ni yule aliyetekwa. Haisemi kuwa mtumwa ni yule ambaye bibi yake aliuzwa kwa vitambaa na shanga. Inasema mtumwa ni yule aliyeacha asili yake kwa hiari. Kwa kipimo hicho, watu wale waliotoka Mbweni wakaenda Lindi, wakatoka Lindi wakaenda Masasi, hawakuwa watumwa hata siku moja. Walinyang'anywa kila kitu isipokuwa hamu ya kurudi. Mtumwa wa kweli ni sisi, tukiogopa kuuliza.

Kwa hiyo nakupa kazi ndogo ya Jumapili. Baada ya chakula, watoto wakiwa wametulia, mwendee bibi au babu. Usimwendee kwa maswali ya polisi. Mpelekee kahawa yake, mkalie karibu, umwamkie kwa adabu, kisha umwulize: "Babu, wazee wetu walifikaje hapa?" Akinyamaza, ngoja. Akisema "walikuja na watu", muulize ni watu gani. Akilia, mwache alie, wala usiwafukuze watoto, wamwone. Huenda utasikia jina la mto, au jina la mlima, au neno moja la lugha ambayo nyumba yenu haiisemi tena. Liandike.

Na siku ile nyingine utakapowasikia watoto wakigombana uwanjani, mmoja akamwita mwenzake kwa neno lile, usipite kimya. Waite wote wawili, uwapeleke hadi kando ya Barabara ya Kilwa, uwaonyeshe basi la Masasi likiondoka. Waambie: kwa upande huu wazee wetu waliletwa wakiwa wamefungwa shingo. Na kwa upande ule, baadhi yao walirudi kwa miguu yao, wakachagua mahali, wakajenga mji. Mji huo uko mpaka leo, na nauli yake inajulikana.